Makro inafuta mistari inayolingana lakini kila mara inabakiza: kosa liko wapi?

#1 Karani_wa_Jioni
Habari zenu wakuu. Nina faili la Excel lenye laha mbili. Laha ya kwanza ina orodha ya wanachama wote, 6,340, na safu A ndiyo yenye namba ya uanachama. Laha ya pili ina namba za wanachama 214 waliojitoa. Nimeandika makro (programu ndogo ya VBA ndani ya Excel) ipitie orodha kubwa mstari kwa mstari, na kila inapokuta namba iliyomo pia kwenye laha ya waliojitoa, iufute mstari mzima. Kiini chake ni hiki (`mwisho` ni namba ya mstari wa mwisho, `waliojitoa` ni eneo la namba za laha ya pili, na Match ndiyo inayotafuta namba humo):

`For i = 2 To mwisho`
`  If Not IsError(Application.Match(Cells(i, 1).Value, waliojitoa, 0)) Then`
`    Rows(i).Delete`
`  End If`
`Next i`

Nimeiwekea kihesabio. Mara ya kwanza ilifuta mistari 173. Nikaiendesha tena, ikafuta 33. Mara ya tatu ikafuta 5, mara ya nne haikufuta chochote, na bado wapo watatu ambao nawaona kwa macho yangu kwenye laha zote mbili. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Ningeelewa kama ingegoma kabisa. Kinachonishinda ni makro inayofanya kazi kwa awamu kama kibarua anayesubiri posho.

#2 Mzee wa Makro
Ndugu Karani, tatizo lako ni kongwe kuliko hilo faili: unafuta huku unashuka. Chukulia kwamba mstari wa 10 na wa 11 yote ni ya waliojitoa. Kihesabio i kikifika 10, makro inaufuta mstari huo, na papo hapo uliokuwa wa 11 unapanda kushika nafasi ya 10, huku uliokuwa wa 12 ukishika nafasi ya 11. Kisha Next inaipeleka i kwenye 11. Yule aliyepanda amepona, kwa sababu kitanzi, yaani huo mzunguko wa For hadi Next, hakigeuki nyuma kumtazama. Anzia chini upande juu:

`For i = mwisho To 2 Step -1`

Kwa njia hiyo mistari inayosogea ni ile ambayo umekwisha kuipitia, kwa hiyo kusogea kwake hakukudhuru.

#3 Mwanagenzi
Mimi sipandi wala sigeuzi kitu. Mara tu baada ya kufuta naandika `i = i - 1`, mambo yanakwisha. Au tumia For Each, ambayo haina namba za mistari kabisa, hivyo haiwezi kuruka.

#4 Kitanzi
Mwanagenzi, hayo yote mawili yamewahi kuniweka macho hadi usiku wa manane. For Each inaruka vilevile, kwa sababu inafuata nafasi ya seli ndani ya eneo, na eneo lenyewe linasinyaa kila unapofuta; jaribu kwenye orodha ya seli kumi zenye neno moja, utabaki na nusu.

Kuhusu `i = i - 1`, kumbuka kwamba kikomo cha For husomwa mara moja tu, kitanzi kinapoanza. Ukifuta mistari 200, kikomo hakipungui, hivyo mwishoni makro itakuwa inakagua mistari 200 mitupu. Kama sharti lako ni ulinganisho wa alama ya usawa, na upande wa pili nako kuna seli tupu, basi tupu italingana na tupu, mstari utafutwa, i itarudi nyuma, mstari mwingine mtupu utapanda, na hutatoka humo mpaka ubonyeze Esc. Hapo ndipo watu huja kusema kompyuta imeganda.

#5 Bi_Fomula
Nakubaliana na Mzee kuhusu zile awamu, lakini wale watatu wa mwisho si wa kitanzi. Kama wangekuwa wa kuruka, awamu ya nne ingemkuta angalau mmoja wao. Hao hawalingani kweli, hata kama macho yanasema wanalingana.

Match inatofautisha namba na maandishi. Seli yenye 48213 iliyohifadhiwa kama namba na seli yenye 48213 iliyohifadhiwa kama maandishi kwake ni vitu viwili. Uwezekano wa pili ni nafasi isiyoonekana mwishoni. Data iliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za wavuti mara nyingi huja na nafasi isiyokatika, ambayo msimbo wake ni 160, wakati nafasi ya kawaida ni 32. TRIM inaondoa ile ya 32 tu, kwa hiyo utasafisha seli mara kumi na uchafu uendelee kukucheka. Kwa kila mmoja wa hao watatu, weka LEN (inayopima urefu) na ISNUMBER (inayosema kama ni namba) kwa pande zote mbili, kisha utuletee majibu.

#6 Nukta Mkato
Nimependa namba za Karani, kwa hiyo nimezifanyia hesabu. Tuseme waliojitoa wamekaa kwenye orodha hivi: 135 kila mmoja peke yake, jozi 28 za watu wawili waliofuatana, na makundi matano ya watu wanne waliofuatana. Awamu ya kwanza inafuta wote 135, mmoja kwa kila jozi na wawili kwa kila kundi la wanne: 135 na 28 na 10 ni 173. Awamu ya pili inafuta wale 28 waliobaki wa jozi, na katika kila kundi inafuta mmoja, kwa sababu wawili waliobaki sasa wamekaa pamoja: 33. Awamu ya tatu inafuta 5. Jumla ni 211, nao ni 214 ukiondoa watatu wa Bi Fomula. Kitanzi kina hatia, na alama za vidole tumezipata.

#7 Kitanzi
Hongera kwa uchunguzi, ila mpangilio wako ni mmoja tu kati ya mingi. Kundi la watu watatu hufutwa wawili kisha mmoja, sawasawa na jozi moja na mtu mmoja wa peke yake, hivyo huwezi kuvitofautisha kwa jumla hizi. Hatia ya kitanzi naikubali. Hayo makundi yako matano siyaapii.

#8 Seli Tupu
Kabla hatujafika mbali, Karani, je, juu ya makro yako hakuna mstari unaosema `On Error Resume Next`? Nauliza kwa sababu umesema hakuna ujumbe wa hitilafu, na kimya cha makro si dalili ya afya.

Yangu yalinikuta kazini. Nilikuwa na orodha ambayo safu yake moja ilijazwa na VLOOKUP (fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali), na pale ambapo haikupata kitu ilionyesha #N/A. Makro yangu ililinganisha seli hizo na neno “Funga” kwa alama ya usawa, na ilipofika kwenye #N/A ya kwanza ikasimama na hitilafu namba 13, ile ya aina za data kutopatana. Nikaongeza huo mstari wa kuendelea licha ya hitilafu, makro ikanyamaza, nami nikaondoka nikiwa na furaha. Siku iliyofuata mistari yote yenye #N/A ilikuwa imefutwa, ingawa hakuna hata mmoja uliokuwa na neno “Funga”.

Sababu yake ilinichukua muda kuielewa. Hitilafu ikitokea ndani ya sharti la If, agizo hilo halisemi “sharti si kweli”. Linasema “endelea na mstari unaofuata”. Na mstari unaofuata baada ya If ni upi? Ni ule wa kufuta.

#9 Mwanagenzi
Pole sana, Seli Tupu. Lakini si ungebonyeza Ctrl+Z tu?

#10 Seli Tupu
Makro inapobadilisha laha, historia ya kutendua inafutika. Ctrl+Z ilinitazama tu. Kilichoniokoa ni nakala ya juzi yake.

#11 Karani_wa_Jioni
Ahsanteni sana. Mstari wa On Error sina. Nimechukua nakala ya faili la mwanzo, nikageuza kitanzi kama alivyoelekeza Mzee, na makro ikafuta 211 kwa mkupuo mmoja. Wale watatu wamebaki palepale, kama alivyotabiri Bi Fomula.

Majibu ya vipimo ni haya. Wa kwanza: kwenye orodha kubwa LEN ni 7, kwenye laha ya waliojitoa ni 8. Wa pili: urefu ni 5 pande zote, lakini ISNUMBER upande mmoja ni kweli na upande wa pili si kweli. Wa tatu ndiye ananitoa jasho: LEN ni 7 pande zote, zote mbili ni maandishi, na nikiandika fomula ya kulinganisha seli hizo mbili kwa alama ya usawa, Excel inajibu TRUE. Makro bado inampita kama haimjui. Niongeze kwamba wanachama wa zamani wana namba za tarakimu tano, na wapya wana namba za tarakimu saba ambazo nyingine huanza na sifuri.

#12 Mchujaji
Mimi naona wote mnapiga chenga kando ya goli. Andiko lako lina `Cells` na `Rows` bila jina la laha mbele yake. Makro ikiwa kwenye moduli ya kawaida, hayo mawili humaanisha laha iliyo wazi wakati huo, siyo laha unayoifikiria. Ukiiendesha ukiwa kwenye laha ya waliojitoa, itaanza kula laha hiyohiyo, na kila namba itajikuta yenyewe humo.

Na kwa nini kitanzi? Weka safu ya ziada yenye fomula ya kuonyesha nani yumo kwenye laha ya pili, chuja, kisha ufute mistari inayoonekana kwa SpecialCells. Ila uwe macho: maeneo yasiyoshikana yakizidi 8,192, Excel inakurudishia eneo lote, nawe unafuta kila kitu.

#13 Mzee wa Makro
Hilo la 8,192 lilikuwa kweli hadi Excel ya 2007. Kuanzia ya 2010 kikomo hicho kiliondolewa. Hata hivyo anaye waliojitoa 214 tu, asingelifikia. Hatari iliyobaki hadi leo ni mbili: SpecialCells isipopata hata seli moja inatoa hitilafu 1004, na ukisahau kuanzia mstari wa pili wa eneo ulilochuja, kichwa cha jedwali kinafutwa pamoja na wengine, kwa sababu kichujio hakikifichi kamwe.

Kwa mistari mingi sana, mimi hupanga kwanza orodha kwa safu ya ziada ili wanaofutwa wakae pamoja, kisha nafuta kipande kimoja. Huenda haraka mno kuliko kufuta mmoja mmoja.

#14 Mwanagenzi
Nami nadhani tatizo ni Integer. Kihesabio i kikitangazwa kuwa Integer (aina ya namba nzima ndogo) kinafika ukomo, na ninavyokumbuka Excel yenyewe ina mistari 65,536.

#15 Nukta Mkato
Mistari 65,536 ni ya kabla ya Excel 2007. Sasa ni 1,048,576. Integer inaishia 32,767, na ikipitiliza hainyamazi, bali inatoa hitilafu 6. Karani ana mistari 6,340, hivyo Integer hajaifikia, ingawa kutangaza Long (aina ya namba nzima kubwa zaidi) hakumgharimu chochote. Mwanagenzi, leo umerusha mawe manne na ndege wote bado wako mtini.

#16 Tarakimu
Kuhusu yule wa tatu, nina dhana. Match ya ulinganisho kamili, yaani yenye sifuri mwishoni, inapotafuta maandishi huzichukulia nyota (*), alama ya kuuliza (?) na kiwimbi (~) kuwa alama maalumu. Kama namba ya mtu huyo ina kiwimbi katikati, Match itakimeza na kutafuta kitu kingine, ilhali fomula yako ya usawa haijali alama hizo na itasema TRUE. Ubaya wake mkubwa uko upande wa pili: seli ya orodha kubwa yenye nyota peke yake italingana na maandishi yoyote yaliyomo kwa waliojitoa, na mstari wake utafutwa bila kosa.

#17 Kitanzi
Dhana nzuri, ila namba za uanachama zenye viwimbi sijawahi kuziona. Mimi nauliza jambo la kawaida zaidi: `waliojitoa` ni eneo gani hasa? Waliojitoa ni 214 na laha ina kichwa, kwa hiyo wa mwisho yuko kwenye mstari wa 215. Mtu akiandika A2:A214 kwa mazoea, ameacha mmoja nje, na huyo mmoja atafanana na mwenzake kwa kila kipimo utakachomfanyia, kwa sababu hana kasoro yoyote, hajaangaliwa tu.

#18 Mwanagenzi
Sasa nina wazo ambalo halikosei. Acha Match, tumia CountIf, inayohesabu seli zinazolingana. Haibagui namba na maandishi, hivyo yule wa pili atapatikana bila kusafisha chochote.

#19 Bi_Fomula
Mwanangu, hapo ndipo penye shimo. Ni kweli CountIf haibagui, lakini ukarimu wake umezidi. Maandishi yanayofanana na namba inayageuza kuwa namba, kwa hiyo 0048213 na 48213 kwake ni mtu mmoja. Karani ametuambia ana namba za tarakimu tano pamoja na za tarakimu saba zinazoanza na sifuri. Anaweza kumfuta mwanachama wa zamani asiye na habari yoyote, kwa sababu tu mgeni mwenye sifuri mbili mbele amejitoa. Kwa namba ndefu hali ni mbaya zaidi, maana Excel hushika tarakimu 15 tu, na namba mbili za tarakimu 16 zinazotofautiana kwenye ile ya mwisho zinahesabiwa kuwa moja.

Ni heri kugeuza pande zote mbili ziwe maandishi bila kubadili tarakimu zake, kuondoa nafasi ya 160 kwa Replace, ndipo ulinganishe.

#20 Seli Tupu
Kamusi ya Scripting (orodha ya VBA ya funguo na thamani zake) inafaa kwa hilo, mradi uweke `.Value` unapoingiza ufunguo. Niliwahi kuiingizia seli yenyewe badala ya thamani yake, ikahifadhi vitu badala ya namba, na kila nilipouliza kama namba fulani imo, ilijibu haimo. Makro ilimaliza kwa sekunde moja bila kufuta hata mstari mmoja, nami nikasifu kasi yake.

#21 Wingu Jepesi
Niongeze kwa wanaotumia Google Sheets, kwa sababu ugonjwa ni uleule ila unakuja na homa yake. Data inayosomwa kwa getValues inaanza kuhesabiwa kwenye 0, lakini deleteRow inahesabu mistari kuanzia 1. Ukisoma kuanzia mstari wa pili ili kuruka kichwa, tofauti inakuwa 2. Niliongeza 1 tu, nikafuta jirani wa juu wa kila aliyetakiwa kufutwa: idadi ikawa sahihi kabisa, na watu wote wakawa siyo. Kwa LibreOffice Calc, removeByIndex nayo inaanza kwenye 0.

#22 Mchujaji
Samahani, mnaposema “safu” mnamaanisha iliyolala au iliyosimama? Nimesoma #13 mara mbili nikidhani Mzee anafuta safu.

#23 Mzee wa Makro
Iliyolala naiita mstari, iliyosimama naiita safu. Ukitaka kufuta safu kwa kitanzi, anzia kulia kwenda kushoto. Sababu ni ileile.

#24 Karani_wa_Jioni
Nimerudi. Eneo la `waliojitoa` nililiandika kwa mkono, na lilikuwa A2:A214. Kitanzi, naomba radhi kwa niaba ya kidole changu. Nimelirekebisha hadi 215, nikaondoa nafasi ya 160, nikataja jina la laha mbele ya kila Cells na Rows, kisha nikaiendesha kwenye nakala nyingine ya faili la mwanzo. Wale watatu wameondoka wote.

Sasa nina swali jingine. Waliokuwepo ni 6,340, waliojitoa 214, kwa hiyo nilitarajia kubaki na 6,126. Nimehesabu waliobaki mara tatu, ni 6,125.

#25 Tarakimu
Umerekebisha mambo matatu kwa pamoja, kwa hiyo hata yule wa tatu hatutajua aliondolewa na lipi.

#26 Bi_Fomula
Na yule wa pili je, wa namba na maandishi? Hukusema umegeuza aina. Karani, ulitumia CountIf?

#27 Karani_wa_Jioni
Nilitumia. Ilikuwa fupi zaidi. Na kihesabio cha mistari inayofutwa nilikuwa nimekiondoa.

#28 Bi_Fomula
Basi kuna mwanachama wa tarakimu tano ambaye umemfuta akiwa hai. Mtafute kwa kulinganisha nakala ya mwanzo na hii.

#29 Kitanzi
Si lazima. Huenda mmoja wa waliojitoa ameandikwa mara mbili kwenye orodha kubwa, na hapo kufutwa kwa mistari 215 ni sahihi.

#30 Nukta Mkato
Au hakuna aliyezidi kufutwa. Kama 6,340 ilikuwa namba ya mstari wa mwisho, basi kichwa kilihesabiwa humo, wanachama walikuwa 6,339, na 6,339 ukitoa 214 unapata 6,125 kamili. Hiyo 6,340 uliipataje?

#31 Karani_wa_Jioni
Sikuihesabu mimi. Niliikuta imeandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano ya aliyeniachia faili. Nakala ya mwanzo iko kwenye kompyuta ya kazini. Nitaifungua kesho asubuhi.